Kengele ya Banda la Pili

Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko, umelazwa juu ya meza kama kifurushi kilichosahauliwa na mtu mwingine, kwa hiyo alitia sahihi kwa mkono wa kushoto. Herufi ya kwanza ilitoka imepinda, ya pili ikaipanda ya kwanza mgongoni, na zilizobaki zikateremka kuelekea ukingo wa karatasi kama watu wanaoshuka ngazi gizani.

“Polepole, Shangazi,” karani alisema. “Hakuna anayekukimbiza.”

“Angekuwepo wa kunikimbiza ningemshinda. Miguu wameniachia yote miwili.”

Wifi yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, alicheka, kisha akaukata mcheko ghafla kama mtu aliyekumbuka yuko msibani.

Karani aliichukua karatasi, akaikagua kuanzia juu hadi chini. Wafumaji walimwita Bi Nukta, kwa sababu aliwahi kumrudishia msimamizi ukurasa mzima kwa kukosa nukta moja. Jina hilo walilisema nyuma ya mgongo wake, naye alilijua, na hakuona tusi ndani yake. Nukta ni kitu cha haki. Humwambia msomaji kwamba jambo limekwisha, asiongeze la kwake.

Mfanyakazi yeyote aliyeumia kiwandani pale alipandishwa ghorofani kwake. Alisimulia kwa Kiswahili. Bi Nukta aliandika kwa Kiingereza, maana Baraza la Ajali za Kazini lilipokea Kiingereza tu kwenye karatasi, ingawa wajumbe wake walizungumza Kiswahili tangu wanapoingia mpaka wanapotoka. Kisha aliyasoma yale maandishi kwa Kiswahili, mhusika akaitikia, akatia sahihi. Shangazi naye alikuwa ameitikia. Jina la Shangazi alipewa na banda zima, hata na waliomzidi umri.

Ajali yenyewe haikuwa na mzunguko. Safu ya mitambo ya ukutani, katika banda la pili, ilisimamishwa ili isafishwe. Shangazi aliingiza mkono kutoa fundo lililokwama kwenye nyuzi za mtande, zile ndefu zinazotangulia kutandikwa. Umeme ukarudishwa. Mtambo ukaanza kufuma, ukamchukua vidole vitatu.

“Kengele ililia?” Bi Nukta alikuwa amemuuliza, kama alivyowauliza wote.

“Ililia. Lini iliwahi kuacha kulia?”

Hapo kalamu yake ilikimbia bila kusukumwa. Kila taarifa iliyowahi kutoka ofisini mwake ilikuwa na sentensi hiyo: kabla umeme haujarudishwa, kengele ya tahadhari ililia, ikasikika “loud and clear”. Aliupenda msemo huo. Vijana waliokuja kwake kwa mafunzo waliuandika ovyo, wakiuongezea silabi, wakiubandika kwenye ngurumo za mvua na makelele ya sokoni, naye aliwakata kwa wino mwekundu. Maneno yale, aliwafundisha, hayasemi tu kwamba sauti ilikuwa kubwa. Yanasema ilimfikia aliyekusudiwa, ikamfikia nzima, isimwachie upenyo wa kusema hakujua. Anayeyaandika ametoa ushahidi.

Na kengele hakuitilia shaka. Aliisikia kila siku kutoka dirishani kwake, ng'ambo ya uwanja, ikitetemesha vioo.

Afisa utumishi, bosi wake, aliingia kabla wino haujakauka, akaisoma taarifa akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na mithali zilizochakaa.

“Safi sana,” alisema, akiwa amewapa wale wanawake kisogo. “Kengele imelia, imesikika, mkono haukutoka. Baraza litakunywa chai likarudi nyumbani.”

“Maana yake nini kwake?”

“Uzembe wa mfanyakazi. Hakuna fidia, hakuna kuhamishiwa chumba cha kukunja vitambaa. Geti.” Alilisema neno la mwisho bila ukali, kama anayetaja kituo kinachofuata. “Mimi namhurumia, Bi Nukta. Lakini mchuma janga hula na wa kwao.”

Bi Nukta alimtazama Shangazi, aliyekuwa hatua mbili tu nyuma ya bosi. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Alikuwa anamsubiri yule bwana ageuke. Bi Nukta akasema moyoni kwamba mama huyu ana ngozi ngumu.

Walipokwisha toka ndipo Bi Nukta alipoiona kadi ya hospitali mezani. Akaichukua, akawafuata mlangoni.

“Shangazi!”

Ukumbi ulikuwa mrefu na mtupu, wenye sakafu ya mbao na kuta zisizo na pazia. Sauti yake ilikwenda hadi mwisho ikarudi.

“Shangazi! Kadi yako!”

Wifi aligeuka. Mwenyewe aliendelea kutembea, taratibu, amekumbatia bendeji yake. Wifi hakumwita. Aliinua mguu akaikanyaga sakafu kwa kisigino, mara moja, kwa nguvu, na Shangazi akageuka papo hapo, macho yakitafuta nani anasema.

“Dawa za hospitali hizo,” wifi alisema harakaharaka, akiipokea kadi. “Zinaziba masikio. Na wewe unaita kwa sauti ya kanisani, dada.”

“Ni dawa,” Shangazi alisema, baada ya kumtazama wifi mdomoni.

Bi Nukta alirudi ofisini. Maelezo yalitosha. Kuna dawa zinazoziba masikio. Alikuwa amesoma mahali. Alipanga karatasi zake, akachonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa.

* * *

Nyumbani aliishi na mama yake, mfumaji mstaafu wa banda lilelile, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Walikaa kula. Bi Nukta aligonga meza kwa kifundo cha kidole, mara mbili, mama akainua macho, naye akasema, “Mama, nipitishie chumvi.”

Chumvi ikaja. Mkono wake ukabaki pale juu ya meza.

Aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Tangu lini anagonga meza kabla ya kumsemesha mama yake? Tangu siku zote. Ndivyo watu walivyozungumza nyumbani kwao: unagonga, unangoja macho, unasema. Alipoanza shule alimgongea mwalimu dawati, akachapwa kwa utovu wa adabu. Siku zote alisema masikio ya mama yamechoka kwa uzee. Lakini alipoanza shule mama hakuwa mzee. Alikuwa na umri mdogo kuliko wake yeye sasa.

Jambo la pili lilikuja taratibu, na lilipofika alisukuma sahani mbele. Kabla ya kila swali alilomuuliza Shangazi, alikuwa amegonga meza kwa kitako cha kalamu. Aligonga, akangoja macho, akauliza, akitamka kila neno kwa mdomo uliofunguka vizuri. Hakugonga alipozungumza na wifi. Hakugonga alipozungumza na bosi. Mkono wake ulikuwa umejua tangu mwanzo uko mbele ya nani. Mkono huohuo, ukiwa bado umeshika kalamu ileile, ukaandika kwamba kengele ilimfikia nzima.

Aligonga meza.

“Mama. Kule bandani, ulikuwa unaisikia kengele?”

“Kengele?” Mama alicheka mpaka akashika kifua. “Nani amekuambia kule kuna kengele?”

“Ipo juu ya mlango.”

“Hata mwezi upo juu.” Alijifuta midomo. “Mwanangu, wakisafisha safu moja, nyingine zote zinanguruma. Wa mlangoni ndiye pekee aliye karibu. Yeye anaiona nyundo ikipiga. Anainua mkono. Wa nyuma yake akiuona anainua wake, na wa nyuma yake, hivyohivyo hadi ukutani. Kuinua mkono, lazima uutoe kwenye mtambo. Unaona akili hiyo? Aliyeibuni alikufa zamani, na hajasomea popote.”

“Mbona hukuwahi kuniambia?”

“Ungeuliza! Wewe karatasi unazihoji mpaka zinatoa jasho. Watu huwahoji.”

Bi Nukta alilimeza hilo bila maji.

“Na masikio yako?”

Mama aliugeuza uso kidogo. Kwa mtu anayesikia kwa macho, kugeuza uso ni kufunga mlango. Kisha akaurudisha.

“Nilipokuwa nakubeba mgongoni yalikuwa yameshaondoka. Ukilia nilikuwa najua kwa uti wa mgongo.” Aligusa hapo nyuma, chini ya shingo. “Usinitazame hivyo. Nani angesema? Anayesema masikio yake yamekufa, kesho yuko nje ya geti. Mle ndani kila mtu ni kiziwi, na hakuna kiziwi hata mmoja.”

* * *

Maneno ya mama yake yalikuwa ushahidi wa mama yake. Asubuhi Bi Nukta alivuka uwanja, akaingia banda la pili kwa mara ya kwanza tangu alipoajiriwa.

Kelele ilimpokea kifuani kabla ya masikioni. Haikuwa sauti moja, ilikuwa ukuta. Mitambo ilipigapiga, kila mmoja kwa mapigo yake, vumbi la pamba likielea hewani, na chini ya yote sakafu ya saruji ilitetemeka hata meno yakagusana. Wanawake walizungumza kutoka safu hadi safu kwa midomo iliyopanuka isiyotoa sauti. Walitaniana. Mmoja alisema jambo akimwonyesha kidole, watatu wakainama kwa kicheko, na Bi Nukta, msomi wa lugha mbili, hakupata neno.

Akasimama penye mtambo wa Shangazi. Safu ilikuwa imesimamishwa kwa usafi. Mama kijana aliyewekwa pale badala ya Shangazi alimtazama toka viatu hadi nywele, akaendelea kufuta, lakini kila baada ya muda aliinama pembeni, akichungulia mbali, kama mtu anayetafuta kuona mbele ya foleni.

Bi Nukta alitega sikio. Alikuwa na masikio mazuri, ya kuamka panya akipita. Alingoja.

Hakusikia kitu. Aliona. Kule mlangoni mkono uliinuka, kisha wa pili ukafuata, na wa tatu. Mikono ikaja kuelekea kwake moja baada ya moja, bila haraka, kama nyasi zinazopeleka upepo. Ikaja mpaka mtambo wa mbele yake. Hapo palikuwa na kiti kitupu. Aliyekuwa akikikalia alipunguzwa kazini kabla ya ajali ya Shangazi, na mtambo wake sasa uliangaliwa na mwanamke wa safu nyingine, aliyewapa mgongo. Mikono ikafika pale ikaishia.

Alikuwa bado anakitazama kile kiti alipovutwa kwa mkono wa blauzi, kwa nguvu, nyuma. Mtambo uliokuwa ubavuni pake ukaanza kufuma. Yule mama kijana alimwachia, akatamka jambo kwa midomo mipana. Safari hii Bi Nukta alielewa: Unataka kufa?

Alipotoka nje masikio yalikuwa yanalia peke yake, na yaliendelea hivyo mpaka mchana.

* * *

Alimkuta Shangazi kwenye benchi la zahanati ya kiwanda, akisubiri kubadilishiwa bendeji. Akakaa, si ubavuni pake kama watu wanavyokaa, bali ukingoni, amejipinda ili waonane uso kwa uso. Shangazi aliuona mkao huo, akashusha pumzi.

“Sasa unajua.”

“Najua. Nimekuandikia uongo.”

“Ulikuwa unaandika Kiingereza. Nilidhani ndivyo kinavyoandikwa.”

“Nilikusomea. Uliitikia.”

“Uliponisomea ulikuwa umeinamia karatasi, dada. Niliona utosi wako. Nikasema, mwenye utosi huu amesoma, anajua anachofanya.” Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likajiondokea. “Utafanya nini?”

“Nitaomba kuirekebisha. Nitaeleza kwamba husikii, kwamba wote mnategemea mikono, na kwamba pale mbele yako hapakuwa na mtu.”

Shangazi alimshika kifundo cha mkono. Mkono wake mzima ulikuwa na nguvu isiyotarajiwa.

“Kengele ifute. Kiti kitupu kiandike, kiandike kwa herufi kubwa. Masikio usiyaguse.”

“Bila masikio hadithi haikamiliki.”

“Basi isikamilike! Wakifika kwenye masikio yangu, watatupima sote. Bwana mwenye mashine ya masikio atakuja na kijisanduku chake, na jioni banda zima litakuwa getini. Mle ndani kuna wenye watoto shuleni. Kuna mjamzito. Vidole vyangu vimekwenda, havirudi hata nikisema yote. Usiwapime wenzangu kwa mkono wangu.”

“Ukipoteza shauri hili huna kazi wala fidia, Shangazi.”

“Nalijua hilo. Kwani nimekuambia nataka kupoteza?”

Maisha yake yote Bi Nukta aliamini kwamba ukweli ni kama kipimo cha fundi seremala: ama ubao umenyooka, ama haujanyooka. Hakuna aliyemfundisha la kufanya na ubao unaonyooka kwa kumponda mtu kidole.

Ghorofani, bosi alipomsikiliza akiomba kuirekebisha taarifa hakukasirika. Alifungua kabati la chuma, akamwonyesha mafaili yaliyopangwa, yenye migongo ya kijani, mwandiko wa Bi Nukta kwenye kila lebo.

“Sentensi ile imo humu mara ngapi?”

“Katika kila moja.”

“Basi ukisema hii ni ya uongo, umesema wewe ni mwongo tangu ulipoajiriwa. Kuna waliofukuzwa kwa sentensi hiyo. Utawafuata mmoja mmoja majumbani, uwaombe radhi?” Akafunga kabati. “Bi Nukta, maji yakimwagika hayazoleki.”

“Hayajamwagika. Yamo kwenye faili.”

Kwa mara ya kwanza bosi alikosa mithali.

“Ukisimama mbele ya Baraza na kusema hayo,” alisema hatimaye, “usihangaike kupanda tena ngazi hizi.”

Bi Nukta aliteremka akiwa ameshika reli. Hakuwa anafikiria ajira yake, au hakuifikiria sana. Alifikiria migongo ya kijani. Watu wale walikaa mbele yake, wakamtazama mdomoni, akagonga meza, wakajibu. Hakukumbuka uso hata mmoja. Alikumbuka sentensi.

* * *

Baraza liliketi katika chumba cha mikutano, upande wa pili wa uwanja. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mtu mzima mwenye miwani iliyoteleza puani, mwenye tabia ya kuzungumza na jalada badala ya watu. Bi Nukta aliliona hilo mapema. Kwa hiyo alipoitwa alichagua kusimama mahali ambapo Shangazi angemwona usoni, na kila swali alilirudia kwanza, neno kwa neno, kama mtu anayelipima kabla ya kulijibu.

“Wewe ndiye uliyeandika taarifa hii?”

“Kama mimi ndiye niliyeandika taarifa hii. Ndiye mimi, Mheshimiwa.”

“Kiingereza kizuri.”

“Ni kizuri. Si kweli.”

Miwani ilipanda. Bosi alikunja mguu mmoja juu ya mwingine.

“Nilimuuliza kama kengele ililia. Alisema ililia. Kwamba aliisikia, hakusema. Niliongeza mimi, kwa mazoea, kama nilivyoongeza kwenye taarifa nyingine zote.” Sauti yake ilikuwa kavu, nayo ilimsaidia. “Baada ya kuandika ndipo nilipokwenda kusimama penye mtambo wake. Kengele ililia, sikuisikia. Wafumaji hupeana tahadhari kwa kuinua mikono, kutoka mlangoni kwenda ukutani. Mbele ya mtambo wa Shangazi kuna kiti kitupu. Tahadhari hufika pale ikafa.”

Bosi alisimama, akaomba kuuliza swali moja tu.

“Mheshimiwa, karani huyu mama yake alikuwa mfumaji, kwa hiyo huruma tunaielewa. Lakini atuambie. Huyu mama masikio yake ni mazima, au kuna jambo tumefichwa? Maana kama hasikii, alikuwa na wajibu wa kusema, na wajibu huo nao ni uzembe.”

Mwenyekiti aliandika kitu. Bila kuinua kichwa akasema, “Unajua lolote kuhusu masikio yake?”

Bi Nukta alilirudia swali. Alilirudia polepole, akaona uso wa Shangazi ukikauka. Nyuma ya Shangazi walikaa wafumaji waliopewa ruhusa kuhudhuria, wamejipanga kwenye viti vya plastiki, macho yao yote yako mahali pamoja: mdomoni mwake. Hakuwahi kutazamwa na watu wengi hivyo kwa makini hivyo.

“Hakuna daktari aliyenipa taarifa ya masikio yake,” alisema, “na yeye hajaniambia kwamba hasikii. Ninaweza kusema habari za masikio yangu. Nasikia saa ya ukutani iliyo nyuma yako, Mheshimiwa. Nasikia kalamu ya katibu wako. Pale kwenye mtambo sikusikia kitu. Mwenye masikio mazima angepoteza mkono vilevile.”

Lilikuwa jibu la kweli, jembamba kama uzi mmoja, ukilivuta linakatika. Aliuhisi wembamba wake ulimini. Alingoja mtu auvute uzi ule. Bosi alifungua mdomo, lakini mwenyekiti alikuwa ameshafunga jalada.

“Maneno haya hayana haja ya mabishano,” alisema. “Banda liko hapo. Twendeni tukasimame wenyewe. Mlalamikaji na mashahidi wabaki nje.”

Bi Nukta na Shangazi walikaa uwanjani, kwenye ngazi za saruji, karani chini kidogo ili wawe uso kwa uso. Jua lilikuwa kali na hakukuwa na kivuli cha kutosha watu wawili. Mlango wa banda ulifungwa nyuma ya wajumbe. Bosi alikuwa ametangulia kuingia, akitembea haraka kuliko kawaida yake.

“Atakuwa amemkalisha mtu,” Shangazi alisema. “Pale mbele yangu. Ningekuwa yeye ningemkalisha mtu.”

“Huenda.”

“Ungesema hapana, hata kwa kunifariji.”

“Sijui, Shangazi. Siwezi kusema nisilolijua.”

“Leo umeweza kutosema unalolijua.” Aliirekebisha bendeji yake. “Ni kazi ngumu zaidi, au siyo?”

Bi Nukta alivua viatu, akaiweka miguu juu ya saruji ya moto. Wenzake ghorofani walikuwa wamesimama madirishani. Alitambua kivuli cha kila mmoja, wala hakuna aliyempungia. Ng'ambo, kengele ililia. Ilikuwa kubwa uwanjani kote, njiwa wakaruka kutoka paani, na Shangazi, aliyekuwa akiutazama mlango, hakupepesa jicho. Bi Nukta alimgusa goti kumjulisha. Shangazi aliitikia kwa kichwa, bila kuondoa macho mlangoni.

Muda ukapita, wa kutosha mtu kuwaza mambo mawili mabaya na kurudia la kwanza.

Mlango ukafunguka. Kelele ya mitambo ilimwagika uwanjani, ikafunika kila kitu. Mwenyekiti alitoka wa kwanza, amevua miwani, mkono mmoja umeshika sikio, na alikuwa akimwambia bosi jambo, akilisema kwa ukali au kwa kujitahidi tu kusikika. Kutoka pale isingewezekana kujua. Walikuwa mbali mno. Bi Nukta alisimama, akakaza masikio yake mazuri, akainamisha kichwa upande ule, hakuambulia hata silabi.

“Sisikii,” alisema.

Shangazi alikuwa ameikazia macho ile midomo ng'ambo ya uwanja, na mkono wake mzima ulikuwa umeshika bega la Bi Nukta, unalibana, unalibana zaidi, kadiri maneno yalivyokuwa yakimfikia.